Ujira wa hofu na filamu nyingine za zamani: ushauri wa dereva wa tanka

Nimeendesha tanka la mafuta miaka 19, Dar es Salaam hadi Lubumbashi na kurudi, na kabla ya kushika usukani nilikuwa utingo miaka minne. Natanguliza hilo kwa sababu filamu ya kwanza ninayotaka uitazame ni ya madereva, nami nimeipima kama dereva.

Inaitwa Le Salaire de la peur, yaani ujira wa hofu. Ni ya Ufaransa, mwaka 1953, mwongozaji ni Henri-Georges Clouzot. Ukiitafuta kwa Kiingereza ni The Wages of Fear. Binti yangu anayesoma Dodoma aliniletea kwenye flashi pamoja na nyingine kadhaa za miaka hiyo, akaniambia, "Baba, hii itazame usiku, zima taa, na simu weka mbali." Nilikaa nayo wiki mbili bila kuigusa. Nyeusi na nyeupe, watu wanaongea Kifaransa, maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Sikuona kwa nini nijisumbue. Siku niliyoifungua niliimaliza saa saba usiku, na mwisho wake nilikuwa nimesimama katikati ya sebule.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna kimji cha Amerika ya Kusini, joto na vumbi, kimejaa wageni wa kila taifa waliokwama bila kazi wala nauli ya kuondokea. Mbali na hapo, kama kilomita mia tano, kisima cha mafuta cha kampuni ya Kimarekani kimeshika moto. Moto wa namna hiyo ni mgumu kuuzima kwa maji. Unaupiga mlipuko mkubwa unaoikatia miali pumzi kwa mara moja. Kampuni inayo nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka kwa kutikiswa tu, lakini haina magari maalumu ya kukibebea. Basi inachukua malori mawili ya kawaida na kutafuta madereva wanne miongoni mwa wale waliokwama. Dola 2,000 kwa kila mmoja, akifika.

Karibu saa nzima ya kwanza hakuna lori linalotoka. Utaona watu wamekaa kwenye kibaraza cha baa, wanadaiwa, wanagombana kwa vitu vidogo, wanaulizana viza. Nimesikia watu wakiilalamikia sehemu hiyo, wakisema ipelekwe mbele. Usiipeleke mbele. Mtu aliyewahi kulala siku tano chini ya tela kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, maji ya kuoga ya kununua, posho imekwisha na nyumbani wanapiga simu, anajua kwamba ndipo mahali ambapo dereva anakubali mzigo asioutaka. Clouzot anakuweka kwenye foleni hiyo pamoja nao. Malori yanapowashwa, huna haja ya kuelezwa kwa nini mtu mwenye akili timamu amepanda.

Halafu barabara inaanza. Kipande cha kwanza kibaya ni cha vumbi lililojikunja vijituta vidogo vidogo, vimepangana kama mbavu za ng'ombe. Dereva yeyote wa barabara za vumbi anavifahamu. Gari likivipita kwa mwendo wa kati linatetemeka hadi meno yanagongana. Kuna njia mbili tu: utambae, au ukimbie kiasi kwamba tairi zinaelea juu ya migongo bila kuzama kwenye mabonde. Katika filamu wanasema chini ya kilomita kama 10 kwa saa, au zaidi ya 60. Hapo katikati ni kifo. Nilipoona hivyo nilijua aliyeiandika aliuliza watu wanaojua. Kwa tanka tupu nimewahi kukimbiza kwenye njia kama ile nikiomba Mungu nisikute shimo wala ng'ombe. Hawa wamebeba kitu ambacho shimo moja linatosha.

Mbele kuna kona kali ya mlimani. Barabara imezibwa kwa matengenezo, na ili lori ligeuke lazima lirudi nyuma juu ya jukwaa la mbao lililoning'inia kwenye korongo. Mbao zimeoza. Utaliona tairi la nyuma linazunguka bila kushika, unaona ubao unavyokubali kidogo kidogo, na hakuna muziki wa kukuambia uogope, unasikia injini na mbao tu. Mke wangu alikuwa ameshika mkono wa kiti. Mimi mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga breki kwenye zulia.

Lakini kitu kilichonikaa zaidi ni kidogo kuliko hivyo. Wanaume wawili wako kwenye lori la nyuma, njia imetulia, na mmoja anajisokotea sigara. Kamera inakaa kwenye mikono yake. Ghafla tumbaku inapeperuka yote, karatasi inabaki tupu vidoleni, kabla sauti yoyote haijafika. Sitasema mbele yao kumetokea nini, lakini ule upepo mdogo uliopita kwenye karatasi ya sigara ulinifanya nisimamishe filamu niende nje kupunga hewa.

Huyo anayesokota sigara ni Jo, ameigizwa na Charles Vanel. Anaingia mjini kama mtu wa kuogopwa, suti nyeupe, sauti ya amri, na kijana Mario, ambaye ni Yves Montand, anamfuata kama mtoto. Barabarani mambo yanageuka. Jo anaishiwa ujasiri, na si mara moja; unamwona ukimtoka kilomita kwa kilomita, mpaka Mario anaanza kumdharau. Watazamaji wengi watamdharau pia. Mimi sikuweza. Nilipokuwa utingo, dereva wangu alikuwa mtu mkubwa, ameshazunguka Zambia na Kongo yote, tulikuwa tunamwogopa kuliko trafiki. Siku moja tunashuka mlima wa Kitonga tukapata harufu ya breki zinazoungua. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba gia uliyopandia ndiyo ushukie, na siku ile alikuwa ameiheshimu kanuni hiyo, ila mzigo ulikuwa umezidi. Alilisimamisha gari kwa ufundi ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Nikaruka nikaweka jiwe chini ya tairi. Niliporudi mlangoni nilimkuta bado ameshika usukani na hawezi kuachia vidole. Nilivifungua kimoja kimoja. Hakupanda tena lori baada ya mwezi ule, na vijana wa yadi walimsema vibaya. Filamu hii, iliyotengenezwa na watu waliokuwa hawaijui Kitonga, inamjua yule mzee.

Ina kasoro. Msichana Linda, ambaye ni Véra Clouzot, mke wa mwongozaji, anatendewa kama kitu cha kufagilia sakafu, na mtunzi haonekani kusikitika kiasi cha kutosha. Wenyeji wa mji ule ni pazia la nyuma tu, hawana majina wala mawazo. Hilo lilinikera na bado linanikera. Pamoja na hayo, mwaka ule ilichukua tuzo kuu Cannes na Berlin pia, na ukiitazama utaona haki yake.

Tahadhari moja kuhusu nakala. Filamu kamili ni kama saa mbili na nusu. Ilipopelekwa Marekani miaka ile ilikatwa, pamoja na sehemu zinazoikosoa kampuni ya mafuta, na nakala zilizokatwa bado zinazunguka. Mimi mwenyewe, nilipotaka kumnunulia rafiki yangu, niliuziwa dukani nakala ambayo malori yanatoka upesi mno na mazungumzo yanaruka. Angalia muda kabla hujalipa.

Ya pili ni ya Japani, mwaka 1963, ya Akira Kurosawa. Jina lake la Kijapani ni Tengoku to jigoku, maana yake peponi na jehanamu. Kwa Kiingereza inaitwa High and Low. Gondo ni mkurugenzi katika kampuni ya viatu, nyumba yake iko juu ya kilima mjini Yokohama, na chini yake mji unachemka kwa joto. Ameweka rehani kila alichonacho apate pesa za kununua hisa na kuishika kampuni. Usiku huohuo simu inalia: tumemteka mwanao, tunataka yen milioni 30. Dakika chache baadaye mwanawe anaingia sebuleni, mzima. Aliyechukuliwa ni mtoto wa dereva wake, maana watoto walikuwa wamebadilishana nguo za mchezo. Mtekaji anaambiwa amekosea. Hajali. Pesa anazitaka zilezile.

Sasa Gondo alipe? Akilipa amefilisika, na mtoto si wake. Karibu nusu ya filamu haitoki kwenye ile sebule. Watu wanasimama, wanakaa, wanapeana migongo, pazia linafungwa na kufunguliwa, na wewe huthubutu kwenda kunywa maji.

Nakuomba umwangalie dereva. Anaitwa Aoki. Tajiri anaongea na polisi, mke wa tajiri analia, msaidizi anashauri, na Aoki amesimama pembeni na mikono imelala mapajani. Hajui kama ana haki ya kuomba. Anapopiga magoti, na baadaye anapojaribu kusema kwamba bosi asilipe, maneno yanamtoka kama mtu anayetapika. Nimeendesha magari ya watu maisha yangu yote, na kusimama kwa namna ile ninakujua. Katika filamu nyingi dereva ni mgongo wa kichwa tu, anapeleka watu kwenye kisa chao. Kurosawa amemgeuza uso. Na huko mbele Aoki anafanya jambo la kidereva kabisa: anampakia mwanawe kwenye gari na kuzunguka naye kutafuta barabara waliyompitishia, bila kuagizwa na mtu.

Kuna tendo moja la Gondo nalo. Polisi wanataka kuficha vidonge ndani ya mabegi ya pesa, kimoja kitoe harufu begi likilowa, kingine kitoe moshi wa rangi likichomwa. Nani atashona ngozi bila kuacha alama? Gondo anaagiza mfuko wake wa zamani wa vifaa, anaketi sakafuni na suti yake, na anaanza kazi. Alianzia maisha kwenye ufundi viatu. Mikono ya Toshiro Mifune, anayemwigiza Gondo, pale haiigizi, inashona. Wapelelezi wote wananyamaza, na kutoka hapo wanamtumikia kwa heshima nyingine.

Halafu treni. Mtekaji ameagiza mabegi yasizidi unene wa sentimita 7, na hujui kwa nini mpaka dakika ya mwisho. Kipande hicho kilipigwa ndani ya treni ya kweli ikiwa kwenye mwendo, na unausikia mwendo ule kifuani. Katika filamu nzima kuna rangi moja tu, mara moja. Sitakuambia iko wapi. Sehemu ya vichochoro vya walevi wa dawa za kulevya kuelekea mwisho inavuta kuliko inavyohitaji. Vumilia, mazungumzo ya mwisho yanalipa.

Nilipozitazama hizi mbili mfululizo ndipo nilipoelewa kwa nini filamu nyingi ninazowekewa kwenye basi hazinishiki. Kule gari linalipuka kabla sijajua ni la nani. Hawa wa zamani wanakufundisha kazi kwanza. Unajifunza mbao zinavyobeba lori, ngozi inavyoshonwa, pesa zinavyopangwa kwenye begi, na ukishaijua kazi kama mwenye kazi, wanaiweka mahali pa hatari. Hofu inakuwa ya kwako.

Chaguo la mke wangu katika zote ni Ladri di biciclette, wezi wa baiskeli, ya Vittorio De Sica, Roma mwaka 1948. Vita vimekwisha na kazi hakuna. Antonio anapata kazi ya kubandika mabango, kwa sharti moja: awe na baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe hasemi mengi. Anavua shuka za kitandani, anazifua na kuzipeleka rehani ili baiskeli ikombolewe. Mfanyakazi wa duka anazichukua kifurushi, anapanda rafu kama anayepanda ngazi, juu, juu zaidi, na kila rafu imejaa vifurushi vya namna ileile. Mke wangu akauliza, "Zote hizo ni shuka za watu?" Nikasimamisha tukaitazama ile picha. Hakuna aliyesema kwenye filamu kwamba Roma ni maskini. Rafu zimesema.

Asubuhi ya kwanza mtoto wao Bruno, mdogo tu, anaipangusa baiskeli na kugundua imebonyea mahali ambapo haikuwa imebonyea kabla ya rehani, akakasirika kwa nini baba hakulalamika. Na yeye mwenyewe anafanya kazi kwenye kituo cha mafuta. Nilimpenda mtoto yule kuanzia hapo. Kulikagua gari kabla hujalipokea ni jambo ambalo mpaka leo vijana wangu wananiudhi kwa kutolifanya. Basi unaijua baiskeli hiyo, umeikagua, unajua ilivyokombolewa. Siku hiyohiyo ya kwanza kazini inaibwa.

Kilichobaki ni baba na mwana wanatembea Roma Jumapili nzima kuitafuta. Si filamu ya polisi, na hakuna bastola, lakini mimi naiita ya taharuki bila kusita. Aliyemwigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na utaona namna anavyobeba ngazi begani. Ule mwisho wake, mke wangu alilia wazi na mimi nilitoka nje. Itazame na mtoto mwenye umri wa kuelewa, kisha msiongee kwa muda.

Nyingine mbili nazipitia kwa haraka, si kwa sababu ni ndogo. Bab el-Hadid ni ya Misri, 1958, ya Youssef Chahine, ambaye mwenyewe anaigiza Qinawi, muuza magazeti anayechechemea kwenye stesheni kuu ya Cairo. Anampenda Hanuma, anayeuza soda kwenye ndoo, kwa kupenda kunakogeuka ugonjwa. Ni kama saa moja na robo tu. Aliyeshinda stendi akiuza maji na korosho madirishani, anayekimbia mgambo na kucheka palepale, atamwona Hanuma kama dada yake. Hind Rostom, anayemwigiza, anamfanya mzima, ana njaa, ana raha, ana hasira. Na kando ya mapenzi kuna wapagazi wanaotaka kuunda chama chao, nayo haikuwekwa pale kwa kujaza nafasi.

Nyingine ni 12 Angry Men, ya Marekani, 1957, filamu ya kwanza ya Sidney Lumet, dakika 96. Huko wenzetu kesi ya mauaji huamuliwa na raia 12 wa kawaida waliofungiwa chumbani, na wote wakubaliane. Kwetu hatuna utaratibu huo, kwa hiyo lijue hilo kabla hujaanza. Kijana anashtakiwa kumchoma kisu baba yake. Kumi na mmoja wameshaamua ana hatia. Mmoja, aliyeigizwa na Henry Fonda, anasema tuzungumze kwanza. Joto ni kali, feni haifanyi kazi, na mwenye tiketi ya mpira anataka awahi. Ninachokipenda ni wanavyopima ushahidi kwa miguu yao: mzee shahidi alisema alifika mlangoni kwa sekunde 15, basi mmoja anatembea kwa kuchechemea kama yeye, mwenzake ameshika saa, na chumba kizima kinahesabu kimoyomoyo. Inazidi 40. Ukiwa na familia inayopenda kubishana, weka hii. Sisi tulibishana mpaka chakula kikapoa.

Ya Uingereza iitwayo The Third Man, 1949, ni nzuri sana, vivuli vya Vienna usiku vinatisha na muziki wake wa ala moja ya nyuzi haukutoki kichwani. Lakini ukiwa hujui kwamba jiji lile baada ya vita liligawanywa baina ya mataifa manne, utapotea nusu saa ya kwanza. Iweke baadaye.

Kuhusu kutazama: sijaona nakala zenye maandishi ya Kiswahili. Kwa mke wangu nilikuwa nasimamisha na kumweleza, na ilikwenda vizuri hasa ile ya baiskeli, ambayo ungeweza kuifuata hata bila sauti. Ya Japani ina maneno mengi, itenge siku ambayo hakuna haraka. Tafuta nakala zilizosafishwa. Filamu za vivuli kama hizi zikiwa na picha mbovu unapoteza nusu, na kwenye ile ya malori usipoiona tumbaku inavyoruka umekosa jambo lenyewe. Anza na baiskeli ukiwa na familia, au malori ukiwa peke yako.

Yule dereva wangu wa Kitonga yuko Makambako sasa, macho yake bado mazima. Mwezi ujao napita huko. Nimeshamwandalia flashi, yenye nakala kamili.